Sauti Bila Picha

King'amuzi ndicho Opereta alichokikata mwisho, baada ya kukata vingine vyote, na hata hapo alikikata huku roho inamuuma.

Alianza na gazeti. Likafuata laini ya pili ya simu, kisha mchango wa kampuni ya ulinzi ambayo mlinzi wake alilala fofofo kuliko wenye nyumba. Intaneti aliwekewa na mwanawe aliyeko mbali ili waonane usoni wakiongea, lakini waliofaidi walikuwa vijana wa jirani. Nayo aliamua kuikata. Pensheni ilikuwa ileile, ila kila kitu kingine kilipanda bei bila aibu, na mwanamke wa umri wake hawezi kwenda kukopa chumvi kwa majirani kama bibi harusi mgeni.

Kampuni ya intaneti haikutaka kumwachia kirahisi. Msichana wa huduma kwa wateja alimwomba asubiri kidogo, ukaanza muziki, ukaisha, ukaanza tena.

"Binti," Opereta alisema sauti iliporudi, "mimi nimepokea simu za hospitali kuu tangu mama yako hajaolewa. Ukiniambia nisubiri, najua unamalizia chai yako. Nifungie hiyo huduma sasa hivi, mimi nikiwa hapahapa kwenye simu."

Ikafungwa. Hilo la kupokea simu halikuwa majigambo matupu. Alikaa kwenye chumba cha simu cha hospitali mpaka alipostaafu, vipokea sauti masikioni, na kwa kusikia pumzi tu aliweza kujua anayepiga ni mgonjwa, daktari au mtu anayedai. Jina la Opereta alipewa huko na akarudi nalo nyumbani.

Kwa hiyo kilibaki king'amuzi. Kila jioni kulikuwa na tamthilia ya familia moja tajiri iliyogombania kiwanda cha sabuni, na ndani yake kulikuwa na mama mkwe mmoja mwenye ulimi wa pilipili aliyemchekesha Opereta mpaka machozi. Mwezi ulipofika wa kuchagua kati ya kifurushi cha televisheni na dawa za presha, alichagua dawa, akaacha kulipia. Dishi alilibakiza juu ya paa makusudi. Upande wa pili wa paa hilohilo kulikuwa na dishi jingine, la dada yake, na Opereta alikuwa radhi afe na tai shingoni kuliko dada yake ajue kwamba amekwama.

Nyumba waliachiwa na mama yao, wote wawili, waishi pamoja wazeeke pamoja. Dada alikuwa fundi cherehani, Opereta mtu wa simu. Wajane wote, watoto wao wote wako mbali. Mama alikuwa amewapangia vizuri tu. Ila siku ya msiba wake, sebule imejaa watu, Dada alisema kwa sauti ambayo hata waliokuwa uani waliisikia: "Huyu simu za watu wote alipokea. Ya mama yake ndiyo iliyomshinda."

Opereta hakumjibu, na hakumsemesha tena. Matanga yalipokwisha aliitwa seremala, akaigawa sebule katikati kwa ukuta wa plaiwudi, na tangu hapo nyumba moja ikawa na kila kitu viwili: milango miwili, mita mbili za umeme, majiko mawili ya gesi, madishi mawili, na wazee wawili wanaopishana getini kama wapangaji wasiojuana. Ulikuwa mwaka wa tatu sasa. Mtu mwenye akili timamu akiwapigia hesabu ya gharama ya mnuno huo angelia, lakini nani angethubutu kuwaambia?

Jioni ya kwanza baada ya kukata, Opereta alikaa mbele ya televisheni yake iliyozimwa, akikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Ndipo kupitia plaiwudi akamsikia mama mkwe akimtukana mke wa mwanawe. Dada alikuwa anatazama tamthilia ileile.

Opereta aliangalia huku na huku, ingawa chumbani hakukuwa na mtu. Akakivuta kiti chake taratibu, akakiegesha ukutani, akatega sikio. Kusikiliza ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Bila picha aliziona sura zote, alijua nani ameingia kwa mlio wa viatu vyake, na mama mkwe alipoanguka kwenye pipa la sabuni alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa khanga. Tena bure kabisa. Alilala amefurahi mno.

Ikawa ndiyo desturi yake. Baada ya siku chache sauti ya upande wa pili ikaongezeka, na wiki iliyofuata ikaongezeka tena, mpaka maneno yakawa yanamfikia kama vile watu wako chumbani kwake.

"Kazeeka," Opereta alisonya. "Sasa anakuwa kiziwi."

Lakini hakulalamika, na ni nani angelalamika? Miezi ikaenda hivyo. Kisha jioni moja alivuta kiti, akatega sikio, na upande wa pili kukawa kimya. Alisikia Dada akikohoa, akasikia kikombe kikiwekwa mezani, basi. Kesho yake kimya. Siku ya tatu kimya.

Opereta alipandwa na hasira. Amejua, alijiambia. Amejua nasikiliza, akanizimia kwa makusudi! Roho ya namna gani hiyo? Usiku ule hakula vizuri, na asubuhi akavaa viatu vya kutokea, akachukua kitambulisho na akiba aliyoiweka kwa ajili ya miwani mpya, akaenda kwa wakala wa ving'amuzi. Angelipia chake, angeongeza sauti mpaka plaiwudi itetemeke, na yule mtu wa upande wa pili ndiye atege sikio.

Wakala alikuwa mama wa makamo mwenye kiduka chembamba kilichojaa rimoti na nyaya, mcheshi, mdomo hauna breki.

"Wastaafu tunawapunguzia nusu, mama," alisema akiitazama kompyuta. "Ila punguzo ni moja kwa kila nyumba. Ngoja nione... Nyumba yenu ilishalichukua. Ee, ni yule fundi cherehani. Ni ndugu yako?"

"Tunakaa nyumba moja," Opereta alisema kwa mkato.

"Basi umepata bahati, ameshafunga akaunti yake mwezi huu. Yule mama bwana! Alinichekesha siku ile. Kaniuliza, eti hakuna kifurushi cha sauti peke yake? Alipie sauti, picha tuikate, apunguziwe. Nikamwambia, mama, televisheni bila picha ni redio! Akasema redio haina tamthilia hiyo."

Wakala aliangua kicheko, na Opereta akacheka naye.

"Kwa nini hakutaka picha?" aliuliza.

"Picha ya nini kwake? Hapa kwenyewe niliandika mimi, yeye nikamshika mkono aweke sahihi. Alisema pesa inakwenda kwenye matone ya macho." Wakala aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Kumbe hukujua?"

Opereta alirudisha kitambulisho mkobani, akatoka bila kulipa chochote. Njiani alitembea kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Cherehani ya upande wa pili haikulia tangu lini? Tangu zamani. Na ule ufunguo wa Dada, unaokwaruzakwaruza kitasa kabla haujaingia tunduni, na sufuria zinazoanguka, na maji yanayofurika kwenye ndoo mpaka yamwagike sakafuni. Masikio yake, yaliyosifiwa hospitali nzima, yalikuwa yamepokea yote hayo, na hakuna hata moja aliloliunganisha. Alijiona mjinga, tena mjinga mwenye moyo mgumu, na hapo hakuwa anajisingizia.

Alipofika getini hakwenda kwenye mlango wake. Alisimama mbele ya mlango wa Dada, akapiga moyo konde, akabisha.

"Nani?"

"Mimi."

Kisha komeo likafunguliwa, na Dada akasimama mbele yake amejifunga kitenge ndani nje, ule mshono wa upindo unaonekana. Yeye! Fundi aliyewahi kumrudisha bibi harusi nyumbani kutoka kanisani kwa sababu ya uzi mmoja uliochomoza.

"Ingia," Dada alisema. "Angalia kigoda, sijui nimekiacha wapi."

Opereta aliingia na akaiona. Televisheni haikuwa mahali ilipopaswa kuwa, kule pembeni kwenye meza yake. Ilikuwa imesogezwa mpaka kwenye plaiwudi, imegeuzwa, kioo kinatazama ukuta kwa karibu sana hivi kwamba hata mwenye macho mazima asingeona kitu. Kando yake, kimeegemezwa ukutani, kulikuwa na kiti. Kwa upande wa pili wa mbao ile, mahali palepale, ndipo kilipokaa kiti chake yeye Opereta.

"Dada, hii tivii..."

"Mimi ya kwangu ilishakuwa moshi mtupu, mtoto wa jicho kaziba kote. Nilikuwa nataka kuifunga zamani." Dada alipapasa kiti akakaa. "Halafu siku moja ya kwako ikanyamaza. Nikajua umekata. Lakini yule mama mkwe alipoanza vituko vyake upande huu, nikakusikia unacheka upande huo."

Opereta aliigusa televisheni, kisha plaiwudi.

"Nikaisogeza. Nikaongeza sauti. Ukawa unacheka kila siku." Dada alitabasamu kuelekea mahali ambapo Opereta hakuwa amesimama. "Nilikuwa silipii tamthilia, mdogo wangu. Nilikuwa nalipia kicheko chako. Mwezi huu pesa ndiyo imenishinda."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia kwa mdomo upi? Uleule uliokuvunjia heshima mbele za watu? Mlango niliuona, hata kwa macho haya. Uso wa kuja nao ndio sikuwa nao. Nisamehe."

Opereta alipiga magoti chini, karibu na kile kiti.

"Hukunisingizia," alisema. "Simu ya mama, ile ya siku aliyofariki, niliipokea, Dada. Nilikuwa na simu nyingine nne zinalia. Nikamwambia, mama, subiri kidogo. Nilipomrudia, laini ilikuwa imekatika."

Hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata marehemu mumewe. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na Dada hakumwambia anyamaze. Alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wake, akaushika kwa nguvu.

Wiki ile seremala aliitwa tena, akaondoa ukuta wote, akazichukua mbao ziwe malipo yake, jambo lililowafurahisha dada wote wawili kupita kiasi. Jiko moja la gesi liliuzwa, mita moja ikarudishwa, dishi moja likashushwa. Kilichobaki kila mwezi kilikwenda kwenye mfuko wa upasuaji wa macho, na daktari akasema jicho la kulia lingefunguliwa kwanza, kabla ya mvua. Kwa wakala walikwenda wameshikana mikono. Alipouliza mkuu wa kaya ni nani, kila mmoja alimsonta mwenzake, ila kidole cha Dada kilielekea kwenye rafu ya rimoti.

"Niandike rimoti?" wakala aliuliza, wote wakacheka.

Jioni hiyo walikaa kwenye sebule iliyorudi kuwa pana, televisheni moja mbele yao, viti viwili vimegusana. Kiwanda cha sabuni kilikuwa mahakamani. Mlango wa mahakama ukafunguliwa, watu wote kwenye kioo wakaguna kwa mshangao, na hakuna aliyetamka neno.

"Nani ameingia?" Dada aliuliza.

Opereta alikuwa ameinama mbele, macho yamemtoka. "Subiri kidogo," alisema.

Kisha akalisikia neno lake mwenyewe. Akaichukua rimoti, akapunguza sauti mpaka mwisho, akamgeukia dada yake.

"Hapana, usisubiri," alisema. "Ni mama mkwe. Amevaa gauni jekundu lenye mikono mirefu, upindo umekwenda upande. Yaani, Dada, ungeliona ungemrudisha nyumbani."