Njuga Ndani ya Fidla

Asubuhi ile Verda alikuwa jikoni anafuta fidla ya baba yake, kazi ambayo zamani ilikuwa ya mama. Alipoigeuza ubavu ili afute mgongo, akangoja ule mlio wake. Chaka! Siku zote ilikuwa inalia hivyo ukiigeuza.

Haikulia.

Akaitikisa. Akaiinua dirishani, akachungulia tunduni kwa jicho moja. Vumbi tu. Njuga ya nyoka haimo.

Ilikuwa ncha ya mkia, ile inayolia kama njuga, ya nyoka aliyeuawa na babu yake mzaa mama kwenye shamba la tumbaku. Kule milimani Kentucky wapiga fidla wengi hawapendi fidla tupu, wanasema njuga inafukuza panya na inaipa sauti utamu. Hii aliitia Oneida, mama yake Verda, mwaka alioolewa na Arvil wakaanza kupiga pamoja, yeye banjo, mumewe fidla. Na alisema mbele za watu, huku anacheka: "Siku mkisikia fidla ya Arvil haina nyoka, jueni na mimi sipo."

Verda akairudisha fidla kwenye sanduku. Akakaanga mayai. Baba akaja, akala, akasema yamezidi chumvi. Verda akasema samahani.

Mama alikuwa Ohio tangu Februari. Alienda kumuuguza dada yake aliyefanyiwa upasuaji. Wiki mbili tu, alisema, na banjo akaiacha nyuma ya mlango. Sasa miti imeshachanua, dada mtu amepona, anaenda sokoni mwenyewe, na mama bado yuko kule. Hakuna aliyesema ameondoka. Hakuna aliyesema anarudi.

Mchana wakaenda kwa Bi Zettie kupiga muziki. Sebule ilikuwa imejaa viti vya kukunja vilivyoazimwa kanisani, na kule jikoni sufuria la maharage, mikate ya mahindi, na pai, kila mwanamke akiitazama ya mwenzake. Verda akakaa kwenye kiti cha mama yake, goti lake karibu na goti la baba, banjo mapajani.

"Ah, Arvil!" Mzee Hobart akapaza sauti kutoka kiti cha mbele. "Leo umekuja na bosi mdogo?"

"Huyu ndiye mkali zaidi," baba akajibu. Watu wakacheka.

"Na Oneida je? Hajarudi tu?"

"Anawasalimu."

Verda akaanza kukaza nyuzi za banjo ingawa zilikuwa zimeshakaa sawa.

Ndipo Tansy, mjukuu wa Bi Zettie, akasimama katikati ya miguu ya watu. Huyu mtoto kila mara alikuwa anangoja kitu kimoja tu. "Mjomba Arvil, mtikise nyoka!"

Ilikuwa desturi yao. Kabla ya wimbo wa kwanza baba anaitikisa fidla, nyoka analia, watoto wanapiga kelele. Baba akamtazama yule mtoto. Halafu akaitikisa fidla, na Verda akamwona anaitikisa kama mtu anayejua kabisa kwamba hamna kitu ndani.

Kimya.

"Kalala," baba akasema.

"Mwamshe basi!"

"Mwacheni apumzike," Mzee Hobart akadakia. "Kwa muziki wa Arvil hata mimi huwa nasinzia!"

"Wewe unasinzia hata kwenye mazishi," Bi Zettie akamwambia. Sebule nzima ikaangua kicheko, na chini ya kicheko hicho baba akaanza kupiga.

Wakapiga nyimbo za kucheza. Wakapiga ule wa mwanamke aliyezama mtoni, ambao mama ndiye alikuwa anauimba. Verda akauimba mpaka mwisho. Kuna bibi alifuta machozi. Verda mwenyewe hakuhisi kitu, ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unauona ni wako ila ukiugusa haukujibu.

"Vijiti!" Bi Zettie akaomba. "Hatutoki hapa bila vijiti."

Vijiti vinapigwa na watu wawili kwenye fidla moja. Mmoja anavuta upinde, mwenzake anainama karibu na kugonga nyuzi zilezile kwa vijiti vyembamba, kama ngoma ndogo. Mama alikuwa anatumia sindano zake za kufumia. Verda akazitoa kwenye sanduku la banjo, akainama, kichwa chake kikakaribia kugusa shavu la baba. Akagonga. Hakukosea hata pigo moja. Kwa karibu vile aliona kidevu cha baba kimebana mbao, na pumzi yake ilinuka kahawa. Walipomaliza watu wakapiga makofi na kukanyaga sakafu. Verda akasema asante.

Jua lilikuwa bado halijazama waliporudi na pikapu. Sanduku la fidla lilikuwa katikati yao.

"Baba, njuga iko wapi?"

Akakata kona kwanza. "Nimemtumia mama yako kwa posta. Aliiomba."

"Alisemaje?"

"Alisema ni ya baba yake."

"Basi?"

"Basi, mwanangu."

"Haya," Verda akasema.

Kule bondeni kwao simu haishiki. Inashika juu tu, mbele ya kanisa. Walipofika kanisani Verda akasema, "Simama hapo kidogo." Baba akasimama, akazima injini bila kuuliza.

Akaandika maneno mengi, akayafuta. Mwishowe akatuma haya: *Mama, leo tumepiga kwa Bi Zettie. Nimepiga vijiti. Tansy alimtaka nyoka. Unarudi?*

Ujumbe ukaenda. Muda si mrefu ikatokea alama kwamba umesomwa.

Wakakaa. Baba akawa anabandua utomvu wa kupaka upinde uliokauka kwenye kidole gumba.

"Labda ana shughuli," akasema.

"Labda."

Kivuli cha kanisa kikafika kwenye boneti, kikapanda mpaka kiooni. Skrini ikazima, Verda akaiwasha. Ikazima tena.

"Tungoje zaidi?" baba akauliza.

"Hapana. Twende."

Pikapu ikashuka. Kwenye kona ya pili mtandao ukakatika, na chini ya maneno yake hapakuwa na kitu.