Orodha ya Macho

Jozi arobaini na mbili za miwani zilipofika kijijini Mugoma kutoka Mwanza, kila moja ikiwa na jina la mwenyewe, wazee walizivaa, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna aliyelalamika. Jovitha, karani wa zahanati aliyeandaa orodha ya majina na vipimo kwenye kompyuta, alitembea wiki nzima kifua mbele.

Wiki ya tatu alipita kwa Bibi Leonsia. Akamkuta barazani mikono mitupu, mkamwana wake Yuster akichagua mbegu za maharage peke yake. Jovitha alishtuka. Kijiji kizima kilijua kwamba mbegu za nyumba ile huchaguliwa na bibi, punje kwa punje, na mvua za kupandia zilikuwa zimekaribia.

"Shikamoo, bibi. Miwani iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeitunza sandukuni."

"Huoni nayo?"

Bibi alijikohoza. "Inaleta ukungu kidogo. Lakini mtu amekuhangaikia mpaka Mwanza huko, utamwambiaje haikufai?"

Jovitha akazunguka nyumba kwa nyumba. Kumbe wazee wote walikuwa wamebanwa na adabu. Mzee Bulugu alikiri kwamba akivaa yake ng'ombe wote wanageuka ndama, ila alinyamaza asije akaonekana hana shukrani.

Akampigia simu Wiston, fundi wa miwani kule Mwanza. Fundi alifungua faili, akasema kweli: alikuwa amepanga majina kwa alfabeti ili asihangaike kuyatafuta, na vipimo vikabaki palepale. Kila mzee akapewa macho ya mwenzake.

"Nisamehe, dada. Nitatengeneza upya. Ila lenzi za msaada zilizobaki zinatosha mara moja tu. Tukikosea tena, hakuna nyingine."

Jovitha akamtumia orodha upya. Wiston akaifungua kwenye simu yake, akamwambia safari hii safu zenyewe zimehama. Jovitha alitaka orodha ambayo hata malaika hawezi kuisogeza, na hapo ndipo akili ilipomjia: nani amewahi kupanga picha kwa alfabeti? Akateua jedwali lote, akalinakili, akalibandika kwenye programu ya kuchorea na kulihifadhi kama picha. Namba zikatoka ndogo kama sisimizi. Akaligawa vipande vitatu, akakuza maandishi, akaambatisha picha zote tatu kwenye barua pepe.

Hata hivyo hakutulia. Akapiga simu wakasoma pamoja, mstari kwa mstari, yeye akifuata daftari la vipimo na Wiston akifuata picha. Mistari arobaini na miwili, na hakuna uliohama. Jovitha alimshukuru Mungu kwa sauti, mganga mkuu wa zahanati akachungulia kuona kuna nini.

Miwani mipya ilipofika, alianzia kwa Bibi Leonsia.

"Bibi, leo usinishukuru. Niambie ukweli kwanza."

Bibi akavaa. Akauvuta ungo wa Yuster, akainama juu ya mbegu muda mrefu hadi Jovitha akaanza kuogopa. Kisha akaokota punje moja, akamwekea kiganjani. Ilikuwa imetobolewa na mdudu, tundu dogo ambalo Jovitha mwenyewe, na macho yake ya ujana, alilitafuta kwanza.

"Yuster, mama, sogea kidogo nikae," bibi alisema.

Yuster akasogea akicheka, na Jovitha akafuta machozi kwa kiganja. Alishukuru kwamba siku ile alipita nyumba hii, na kwamba mwanamke huyu mwenye adabu alikubali hatimaye kusema kidogo.

"Sasa nipigie huyo fundi," bibi akaagiza.

Jovitha akapiga, akaweka sauti ya nje, akamshikia bibi simu.

"Baba, ile miwani ya kwanza nilishukuru kwa adabu," bibi alisema. "Hii nashukuru kwa sababu naona."

Upande wa pili, wote watatu wakamsikia fundi akipenga kamasi.