Jogoo Chini ya Kapeti

Mimi kusoma nilisoma kidogo. Darasa la tatu nikatoka, na hata hilo la tatu muda mwingi nilikuwa naangalia dirishani. Lakini gari, we nipe gari tu. Nikiligonga mlangoni kwa kidole, ko ko ko, nakuambia liliumia wapi na lilitibiwa na nani. Miaka thelathini na nane nimenyoosha bodi za magari. Nilikuwa natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo gereji nzima wakaniita Mashoto, na mpaka leo kuna watu wazima na mvi zao hawajui jina langu jingine.

Sasa mtoto wangu wa mwisho, yule muuguzi, ana mapacha wa miaka minne. Kila asubuhi anawapakia kwenye pikipiki ya baba yao, mmoja mbele, mmoja katikati, yeye nyuma kabisa kama kifuniko. Wiki moja mvua ilinyesha wakateleza. Hakuna aliyeumia, magoti tu, lakini binti yangu alikuja kwangu siku hiyo hiyo, hajavua hata sare ya kazini, akasimama mlangoni.

"Baba, nataka kitu chenye mlango."

"Kitu gani?"

"Gari. Dogo, la milango minne, lenye buti la maana nyuma. Watoto wakae nyuma wafungwe mkanda, nifunge na mlango, nisikie umefunga."

"Jipya?"

Akacheka. "Baba, jipya nitaliona kwenye picha. Kuna mwalimu mmoja rafiki wa mume wangu, kahamishwa kazi, anauza lake. Jumamosi tunakwenda wote. Ukisema ndiyo nanunua, ukisema hapana naacha. Mimi sitaangalia kitu, nitakuangalia wewe usoni."

Basi mtu akikuambia hivyo, na ni mtoto uliyembeba mgongoni, unafanyaje? Jumamosi nikavaa shati la pasi, nikatia mfukoni kisumaku changu nilichokizungushia kitambaa, tukaenda watatu, mimi, yeye na mumewe, juu ya pikipiki ile ile.

Huyo mwalimu ni mwalimu wa hesabu, mrefu, mpole, shingo kama ya twiga anayesikiliza. Gari lilikuwa uani kwake limeoshwa mpaka linatia aibu. La rangi ya kijivu. Watoto wake watatu walikuwa wamejazana kiti cha nyuma wanaliaga, eti kila mmoja anabusu dirisha lake. Mkewe akawatoa kwa kuwavuta miguu.

"Miaka sita nimelipanda, mzee wangu," mwalimu akasema. "Halijanilaza njiani hata siku moja. Mama watoto analipeleka shule asubuhi na jioni. Angalia popote unapotaka, sina la kuficha."

Na kweli hakuwa na la kuficha. Hilo nataka mlijue mapema.

Nikaanza. Nilichomoa kijiti cha oili nikanusa, safi, haina harufu ya kuungua. Matairi yameisha sawasawa, kulia na kushoto, maana yake magurudumu yanatembea njia moja kama wanandoa wanaoelewana. Nikawaambia waliwashe, nikaenda nyuma nikaweka kiganja kwenye ekzosi. Moshi hauna rangi, kiganja hakina masizi. Injini inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mkwe wangu akaliendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, mimi pembeni yake. Breki inashika, usukani hauvuti. Huyo mkwe anauza vifaa vya ujenzi, maneno anayo, angeweza kumuuzia samaki maji. Akaninong'oneza, "Baba, usichangamke sana, atapandisha bei."

Lakini nilishaanza kulipenda. Binti yangu alikuwa amesimama kivulini, macho kwangu. Nikamtikisia kichwa kidogo. Akatabasamu mpaka nikaona lile jino lake la pembeni.

Ningeishia pale, wallahi. Ila mimi nina tabia, nikikagua gari sitoki bila kuzunguka vioo. Kila kioo cha gari kina alama ndogo chini kwenye kona, na ndani yake kuna tarakimu za mwaka kilipotengenezwa. Herufi zinanishinda, tarakimu hapana. Vioo viwili vya mbele vikasema mwaka mmoja. Vya nyuma vikasema mwaka mwingine, vimepishana miaka miwili. Kimoja kikipishana ni jiwe la mtoto. Lakini viwili vya nyuma na kile kikubwa cha mgongoni? Huyo mtoto ana mawe mengi.

Nikatoa sumaku. Kwenye mlango ikashika. Kwenye boneti ikashika. Nikaileta kwenye nguzo ile inayosimama kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Ikateleza ikaanguka chini, ta! Nikairudisha. Ta! Pale hapakuwa na bati. Palikuwa na puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi, nene kama kisigino.

"Vipi, Baba?" binti yangu akauliza.

"Subiri, mama."

Nikafungua mlango wa nyuma wa kushoto, nikapiga magoti, nikanyanyua kapeti miguuni pa abiria.

Jamani.

Sakafu ilikuwa na mshono, unatoka mlangoni unakwenda katikati. Siyo kiraka. Gari zima lilikuwa limekatwa na kuungwa. Nusu ya mbele ya gari moja, nusu ya nyuma ya gari jingine. Nishawahi kuona kazi za namna ile na nikatukana aliyezifanya. Lakini siyo hilo lililonimaliza nguvu. Zile nukta za kuchomelea zilikuwa fupi fupi kama ukucha wa kidole gumba, zimerukwa moja moja ili bati lisijikunje, na zote zimelalia upande ambao fundi wa mkono wa kulia hawezi kuzilaza. Na pale mwanzo palikuwa na nukta mbili zimebanana. Mwalimu wangu wa kazi alinifundisha hivyo, na katika gereji zote nilizopita sijaona mwingine anayefanya.

Ulikuwa mkono wangu.

Masikio yakaanza kulia wiii. Nikashika kiti. Nikasema labda naota, nikagusa zile nukta, zikawa za chuma kweli.

Miaka kumi na moja nyuma alikuja mtu na magari mawili, rangi moja, aina moja. Hili limekufa usoni, hili limekufa mgongoni. Akasema, "Mashoto, wenzako wote wamesema haiwezekani." Akasema ni la shule ya udereva, litasimama uani wanafunzi wajifunzie gia, barabarani haligusi. Nikaamini? Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Na sikufanya kwa njaa, niseme kweli, nilifanya kwa sifa. Siku tatu nilipiga mluzi. Nilipomaliza niliwaita mafundi wote waje watafute mshono, wakapapasa weee, hawakuuona. Walinibeba juu! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilitia pipa zima.

Nikasimama. Nikasema, "Hatulichukui."

Mkwe wangu akanikonyeza, akaguna kwa furaha. "Umesikia, mwalimu? Mzee kakataa. Labda ulainike kidogo kwenye bei."

Mwalimu akacheka. "Aa, mzee wangu, mchezo huo naujua. Wanafunzi wangu wananifanyia kila siku. Usinunue, hakuna ubaya. Saa nane kuna mama mmoja anakuja, ana watoto wanne, yeye hata kuliwasha hajataka, ameshasema ndiyo."

Watoto wanne. Mimi nilikuwa nimepata mlango wa kutokea, mnaelewa? Ningesema sijalipenda, tukaondoka, binti yangu yuko salama, na hakuna anayejua. Nilishapiga hata hatua moja kuelekea getini. Halafu huyo mama akanijia kichwani, bila sura, na watoto wanne wasio na sura, wanafungwa mikanda.

"Mwalimu," nikasema, "hili siyo gari. Ni magari mawili. La mbele na la nyuma hayajuani."

"Mzee, tafadhali. Bei haishuki kwa vitisho."

"Nyanyua kapeti uone mshono."

Akainama, akaona. "Si walitengeneza chini tu? Kila gari la zamani limetengenezwa mahali."

"Baba," binti yangu akasema polepole, "una uhakika? Hapo chini hukuangalia hata dakika mbili."

Pale ndipo nilipobanwa. Mficha uchi hazai. Nikamwambia mwalimu, "Upande wa kulia sijaufungua, wote mmeniona. Nenda wewe. Nyanyua kapeti nyuma ya kiti cha dereva, juu ya mshono utakuta kipande cha bati la debe la mafuta ya kupikia. Kimechorwa jogoo mwekundu. Kichwa kinaangalia mlangoni."

Mkwe wangu akacheka peke yake. "Jogoo tena! Baba leo umekuwa mganga?"

Mwalimu akazunguka. Akafungua mlango. Tukasikia gundi ya kapeti inaachia, kraaa. Mtu mrefu vile alikaa chini kokotoni kama nguo iliyoanguka kwenye kamba.

Mkewe akamfuata, akachungulia, akaweka mkono mdomoni. "Yupo," akasema. "Jogoo yupo."

"Umejuaje?" mwalimu akauliza. Hakunitazama. "Mzee, umejuaje?"

"Nilimweka mimi."

Mke wa mwalimu akaondoka pale, akawaendea wanawe watatu waliokuwa wanacheza ukutani, akaanza kuwagusa vichwa, mmoja, wa pili, wa tatu, halafu akarudia tena wa kwanza. Miaka sita, asubuhi na jioni.

"Likigongwa inakuwaje?" mwalimu akauliza. "Niambie kama unavyomwambia mtu mzima."

"Linaachia pale. Mbele kunakwenda huku, nyuma kunakwenda kule."

"Na wa nyuma?"

Nikageukia kiti cha nyuma. Akajijibu mwenyewe kwa kufumba macho. Kisha akasema, "Mwezi wa nne nilifunga breki ghafla, mbuzi katokea. Nikasikia mlio kama karanga inavunjwa. Nikasema ni jiwe barabarani."

"Mwalimu, hasara hii ni yangu," nikasema. "Nyumba ninayo, kiwanja ninacho—"

"Hayo tutaongea siku nyingine. Sasa hivi sitaki huyo mama wa saa nane alikute hapa linafanana na gari." Akainuka, akaingia stoo, akatoka na nyundo na tindo la kukatia chuma, akanitupia miguuni. "Wewe ndiye unayejua linapofungukia."

Nilidhani itanichukua mpaka jioni. Mshono wa siku tatu, nukta mia na kitu, na mimi siku hizi mkono unatetemeka hata nikimimina chai. Nikaweka tindo kwenye zile nukta mbili za mwanzo, nikapiga. Nikapiga tena. Pigo la tatu tindo likazama lote, likanitoka mkononi, nikalisikia linalia kwenye kokoto chini ya gari. Kutu ilikuwa imekula kila kitu. Nikachungulia kwenye tundu nikaona uwanja, nikaona na mdudu chungu anapita na mzigo wake. Nukta zilizobaki nilizipiga kwa nyundo tupu, zikadondoka kama meno ya mzee. Mlango wa nyuma, ule uliokuwa unafunga vizuri, ukashuka pole pole ukakataa kurudi.

Nilikuwa nategemea kulia, sikulia. Niliogopa tu. Nimeogopa mambo mengi, lakini kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu nikiimba, hicho sikuwahi.

Binti yangu alikuja akapiga magoti karibu nami. Hakunishika bega, wala hakuniambia pole. Alitia vidole viwili kwenye lile tundu, akavipitisha mpaka upande wa pili, akavitoa vimejaa kutu. Akaviangalia sana.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Na mengine?"

Nilikuwa naomba Mungu asitokee wa kuniuliza swali hilo. Mwalimu hakuliuliza, na hesabu ndiyo kazi yake. Mkwe hakuliuliza. Akaliuliza yeye, kwa sauti ile anayomwulizia mgonjwa anaumwa wapi.

"Mawili," nikasema.

Mkwe wangu akashika kichwa. "Baba!"

"Baada ya hili sifa zilienea," nikasema. "Yule mtu aliyeniletea hili alirudi."

"Rangi gani?" binti yangu akauliza. Alikuwa ameshajifutia mkono kwenye kanga, ameshika simu, kidole kiko tayari kuandika.

"Moja jeupe. Moja la kijani iliyoiva."

"Hilo jeupe alichukua nani?"

"Jeupe lilikuwa linabeba watoto wa shule," nikasema. "Mara ya mwisho nililiona mwaka juzi, barabara ya hospitali."

Mwalimu alikuwa anasikiliza. Akaingia ndani, akatoka amevaa viatu. Naye alikuwa anakuja. Mkwe akawasha pikipiki, akaisogeza kuelekea getini, akanitazama.

"Panda, Baba, tukalitafute hilo jeupe," binti yangu akasema. "Wewe ndiye unayelijua. Kaa katikati."