Visa Viwili na Sufuria ya Maharage

Usiku wa kuamkia leo niliota sanduku letu la safari limekataa kufungwa.

Lilikuwa juu ya meza ya jikoni, hapa hapa Korogwe, mdomo wazi. Nikalikalia. Likaniambia kwa adabu kwamba nguo zimeenea vizuri, kinacholizidi uzito ni wasiwasi wangu, na mwisho ni kilo ishirini na tatu kwa kila abiria. Nikautoa wasiwasi, nikauweka kando ya sufuria niliyolowekea maharage. Sanduku likafungika.

Wasiwasi wenyewe ni huu. Mume wangu, Mwalimu Hemedi, amefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Kila mwaka alichora ubaoni fiodi za Norwe, ile mikono ya bahari inayojipenyeza katikati ya milima, na hajawahi kuona hata moja. Mwaka jana tuliomba visa tukanyimwa, kisa na maana nilipoulizwa nini kitanirudisha nyumbani nilibaki kutumbua macho. Leo tunaulizwa tena.

Basi, mle ndotoni, nabeba sufuria, nafungua mlango wa uani nikabadilishe maji. Uani hakuna. Kuna ofisi ya visa, kando ya maji meusi yaliyotulia, na nyuma ya meza ameketi mlima. Mlima mzima, theluji kichwani, miwani puani. Mwalimu yuko kwenye benchi tayari, amevaa suti yake ya Idi, viatu kavishika mkononi.

Nilisita kidogo kumwamkia mlima. Lakini kwa umri ule, shikamoo ni haki yake.

"Marahaba, mama," akaitikia. "Mna visa?"

Nikasema ndivyo tulivyovifuata. Akanitazama juu ya miwani, akaeleza kwamba pale hawatoi visa, wanavisikiliza: kimoja cha kwenda, kimoja cha kurudi, na visiwe virefu.

Nikauliza ofisi inafungwa saa ngapi, ili nijipange. Akajibu kwamba hufungwa jua likizama. Jua lilikuwa limeegemea dirisha, likasema lenyewe lisisubiriwe, haliendi popote mpaka mwezi wa nane. Mwalimu akanikanyaga mguu kwa furaha, maana hilo nalo, jua la kaskazini lisilozama kiangazi, alilifundisha.

Kisa cha kwenda nikakitoa bila shida. Siku moja mkaguzi wa shule alimwuliza Mwalimu, mbele ya darasa zima, kama amewahi kuona fiodi. Akajibu bado, ila wanafahamiana.

Mlima akacheka mpaka mawe mawili yakamdondoka begani, akayaomba radhi. Hapo yale maji meusi, kumbe ndiyo fiodi yenyewe, yakasogea hadi miguuni pa mume wangu.

"Mwalimu," yakasema, "ulikuwa unatuchora vizuri. Ila ulitunenepesha."

Mwalimu akalia. Nami nikalia, na sijapata kufurahi hivyo tangu harusi yetu.

"Sasa cha kurudi," mlima akasema.

Swali lilelile la mwaka jana. Nilifikiria kutaja nyumba, lakini nyumba inajikalia yenyewe bila mimi. Jua likatazama pembeni kwa kunionea huruma. Mikono ilikuwa imechoka, nikatua sufuria mezani.

"Hiyo nini?"

"Maharage. Nimeyaloweka."

"Tangu lini?"

"Tangu jioni."

Mlima akavua miwani. Akachovya kidole chake cha barafu, akabonyeza harage moja, akalipima kwa muda ambao kwa mlima ni mfupi.

"Mama huyu atarudi," akasema. "Yameshaanza kulainika."

Akagonga muhuri, nikaamka.

Kumbe muhuri ulikuwa Mwalimu akifungua dirisha la jikoni kwa kulibamiza. Kumekucha. Yumo ndani ya suti ya Idi, safari ya ofisi ya visa bado saa tatu nzima, na anauliza kwa sauti:

"Mama Sauda, hii barafu kwenye maharage umeitoa wapi?"

Friji letu lilikufa tangu mfungo. Nikaenda jikoni bila hata kuvaa ndara. Katikati ya sufuria kilikuwa kinaelea kipande cha barafu, chembamba, mfano wa ncha ya kidole, na kando yake harage moja lililobonyea.

Mwalimu alitaka kukitoa. Nikamshika mkono.

"Kiache, Mwalimu. Hicho ndicho kisa chetu cha kurudi."