Posa ya Kijino cha Redio

Usiku wa jana niliota sauti kabla sijaota kitu kingine chochote. Tak. Giza likasogea kidogo, nikamwona mwenye sauti: kijino cha plastiki, kile kinachobana kifuniko cha betri kwenye redio ya bibi yangu. Kimekaa kwenye kigoda, kinanitazama kama shahidi.

Tulifahamiana. Mchana nilikivunja kwa kisu cha jikoni nikilazimisha kifuniko kilichokwama, baada ya kuitangazia nyumba nzima kwamba mtunga mashairi kama mimi hawezi kumpelekea Fundi Mwaisumo wa sokoni kazi ndogo namna ile. Bibi Tusekile alipouliza, nikamwambia kimekatika chenyewe, uzee. Bibi haoni vizuri wala hatoki tena. Redio ndiyo baraza lake. Tangu hapo betri zinaanguka, redio haisemi.

“Niunge,” kijino kikasema. “Bibi yako amekula chakula cha jioni bila sauti ya mtu.”

Kikanieleza kwa upole kwamba plastiki haishikani ila na ndugu yake, kwa hiyo sharti nikapose kipande katika ukoo wake. Niliona ni jambo la kawaida kabisa. Nikavaa koti.

Nafungua mlango wa jikoni, natokea ndani ya redio. Wazee wa ukoo wako mkekani: kasha la kaseti, ganda la rimoti, na mfuniko wa ndoo ambao, waliniambia, si ndugu, amekuja kwa ujirani tu. Ganda la rimoti halisemi mpaka libonyezwe. Nikalibonyeza.

“Mposaji una sifa gani?” likauliza.

Hapo damu ikanichemka. Nikasimama, nikawapa ubeti:

“Mimi simba wa kusema, mafundi wanikimbia;
Jino lililo kilema, kwa beti hujishikia.”

Mfuniko wa ndoo ukahesabu mizani kwa vidole usivyokuwa navyo.

“Imetimia,” ukasema. “Jino halijashika.”

Mkeka umekuwa meza ya sokoni. Nyuma yake ameketi Fundi Mwaisumo, anakunywa chai, na wazee wote wamo ndani ya kopo lake la vipuri. Nikamtaka aniambie upesi ni gundi gani inayofaa. Hakuinua macho.

“Kijana, jeraha halijasafishwa. Gundi haishiki penye uchafu.”

Nikasugua kijino kwa mswaki. Nikasugua kwa spiriti. Doa likazidi kukua. Nikalisogeza karibu na jicho, nikakuta si doa, ni neno, na mwandiko ni wangu: uzee.

“Hilo haliondoki kwa spiriti,” fundi akasema. “Linatoka kwa mdomo.”

Nikamjibu kwamba mimi si mtoto wa kufundishwa adabu na muuza vipuri. Akaendelea na chai yake. Nikamjibu tena, kwa sauti kubwa zaidi. Akaongeza sukari. Kijino kiganjani mwangu kikaanza kupoa, kama kitu kinachokata tamaa.

“Nilikivunja mimi,” nikasema.

Neno likafutika. Ganda la rimoti likamega pembe yake lenyewe, bila kubonyezwa, likatoa. Fundi akadondosha gundi, akanyunyiza majivu ya mkaa ili ikaze, akaniweka vidole mahali pake.

“Shika hapo. Usiachie.”

Nikashika. Ninashika, jua linachomoza upande wa betri, ninashika bado.

Nikaamka. Kidole gumba na cha shahada vimegandana, na kuchani mna majivu ya mkaa. Nyumbani kwetu tunapikia gesi, na gundi hatuna.

Redio ilikuwa bado mbovu. Nikaenda kwa bibi hivyo hivyo, vidole vimegandana, nikamweleza habari ya kisu yote, hata zile sehemu zinazonidhalilisha. Akanishika mkono, akavipapasa vile vidole, akaanza kucheka taratibu.

“Mume wangu,” akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, “uzee naujua mimi. Hauachi alama za kisu.”

Akazidi kucheka mpaka nami nikacheka.

“Bibi,” nikasema, “asubuhi hii nakwenda kwa Fundi Mwaisumo. Nitamwambia aliyevunja ni nani, nitakaa pale anifundishe kuunga, na sitamsomea hata ubeti mmoja mpaka redio yako iseme.”