Mwezi Uliotangulia Siku

"Basi pokea, binti yangu," alisema Mzee Ambrosi, akapitisha dirishani ufunguo wa chumba cha mashine, glavu zilizochoka na spana yake kubwa. "Sare nitairudisha nikishaifua. Siwezi kurudisha mali ya watu na vumbi la unga."

Epifania, karani wa kompyuta wa kiwanda cha unga pale Mazwi, aliviangalia vile vitu bila kuvigusa.

"Shikamoo, mzee. Hivi vya nini tena?"

"Marahaba. Nimestaafu." Mzee akatoa barua mfukoni mwa koti. "Kompyuta yako imeniandikia Ijumaa. Imeandika vizuri mno, hata imenishukuru."

Ilikuwa kweli imemshukuru. Programu ile mpya, iliyonunuliwa ng'ambo na kupokelewa kiwandani kwa soda na sala ya ufunguzi, ilikuwa na adabu kuliko wafanyakazi wengi. Ilijua nani ametimiza miaka sitini, ikamwandikia barua yenyewe, ikamwondoa kwenye orodha ya bima ya afya bila kuombwa na mtu. Leo mchana orodha ilikuwa iende kwa watu wa bima. Na Jumatano mama Hellena, mke wa Mzee Ambrosi, alikuwa na miadi ya kupasuliwa nyonga, baada ya kutembea kwa kushika ukuta tangu msimu wa kupanda. Jina la mzee likikosekana kwenye orodha ile, upasuaji haupo.

"Hukumwambia bosi?"

"Nilimwambia. Nilisema mimi najua natoka Noeli ikikaribia. Akasema mashine haina upendeleo." Mzee akacheka kidogo, mvuke ukamtoka kinywani kwa baridi ya Julai. "Na kweli haina. Mimi ni nani, nibishane na kitu kinachokula umeme?"

Noeli ikikaribia. Epifania alikuwa ameshika kikombe cha chai; akakiweka chini.

Kwenye familia za huku juu Ufipa, mtoto akizaliwa, kabla hajajua kulia vizuri, kuna mtu ameshasimama mbele ya kalenda ya parokia kutafuta leo ni siku ya mtakatifu gani. Jina limepatikana, ubishi umekwisha. Epifania mwenyewe alizaliwa tarehe sita Januari, akabebeshwa sikukuu nzima mgongoni. Na Ambrosi ni tarehe saba Desemba, hata watoto wa kipaimara wanajua.

Ndipo akakumbuka soda. Mwanzoni mwa Juni programu ilimtakia heri ya siku ya kuzaliwa, ikarusha na maputo kwenye kioo cha kompyuta, na wenzake wakamkaba mpaka akawanunulia wote vinywaji. Alicheka, akadhani ni ukarimu wa kigeni usiojali kalenda. Sasa hakucheka.

Akafungua taarifa za mzee. Zilisomeka 07/12/1965, vilevile alivyoziingiza. Saba, mwezi wa kumi na mbili. Akabonyeza ile tarehe, na kikalenda kidogo kikafunguka kwa majivuno yote. Kilifunguka kwenye Julai.

"Hee," alisema polepole. "Kumbe wewe unatanguliza mwezi."

Ndivyo wasomavyo waliokuwa wameitengeneza. Zile tarehe kubwa, kumi na tano, ishirini na tatu, programu ilikuwa imezisoma sawasawa, maana hata kwao hakuna mwezi wa kumi na tano. Zile ndogo ilizipindua kimyakimya, na kwenye kioo tarakimu zikabaki zimekaa kama malaika.

"Mzee, kaa hapo. Usifue sare."

Akaandika kwenye karatasi miezi ya wenzake kama kikalenda kilivyoisoma, akatoka nayo uani, ambako malori ya mahindi yalikuwa yakishusha, akapaza sauti kuliko mashine ya kukoboa.

"Perpetua! Umezaliwa mwezi gani?"

"Machi! Kwani unaniletea zawadi?"

Programu ilisema Julai.

"Zenon?"

"Aprili, dada."

Programu ilisema Desemba.

"Bonifasi, wewe Juni!"

"Septemba," akasema Bonifasi, kiroba begani. "Hili ni jina la babu. Babu alikuwa mkali, nani angethubutu kutafuta jingine?"

Watu wakaangua kicheko. Epifania akacheka nao, lakini alikuwa amekwisha kuelewa: jina linaamsha shaka tu, haliwezi kuwa ushahidi. Namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, haijali babu wa mtu.

"Leteni vitambulisho, wote!"

"Na sisi tusio na mtakatifu, dada Epi?" aliuliza Stumai, mshona viroba, mikono kiunoni. "Au sisi hatukuzaliwa?"

"Na wewe lete, Stumai. Namba haiulizi dini."

Kelele zile zikamtoa ofisini Bwana Loth, meneja, tai imepepea begani kwa upepo.

"Epifania, mbona kazi imesimama? Programu hii inatumika dunia nzima!"

"Ndiyo maana lazima tuiambie tuko wapi, bosi." Akamwonyesha ile karatasi. "Na kosa ni langu. Niliona tarakimu ziko sawa, sikuiuliza inazisomaje. Imemstaafisha Mzee Ambrosi kabla ya siku zake, na mkewe anapasuliwa Jumatano."

Bwana Loth akamfuata ndani, akainama kwenye kioo, akakitazama kile kikalenda kwa muda mrefu. Alipoinuka, alikuwa amepunguza sauti.

"Na mimi?"

"Wewe imekuzeesha miezi miwili."

"Nilijisikia," alisema meneja kwa uzito mkubwa. "Anza na mzee. Halafu mimi."

Epifania akaingia kwenye mipangilio, akaagiza mwezi uandikwe kwa herufi, mahali pote, asije mwingine akadanganywa na tarakimu zilizokaa vizuri. Kisha akalinganisha na kitambulisho cha mzee, akasahihisha: 7 Desemba 1965. Lile neno jekundu, *amestaafu*, likafutika bila kuomba radhi. Akatuma orodha, hakuiamini, akapiga simu kwa watu wa bima. Upande wa pili mwanamke alibonyezabonyeza, akaguna, akabonyeza tena. Uani hakuna aliyeshusha gunia.

"Ambrosi yupo," sauti ilisema. "Na mwenza wake, Hellena, yupo."

Mzee aliomba simu ya Epifania kwa mkono tu, akapiga namba anayoijua kwa kichwa, akaenda kujikinga upepo nyuma ya magunia ya mahindi. Aliongea Kifipa, kwa sauti ya chini, maneno machache. Kisha akasikiliza, na kila alichoambiwa alikiitikia kwa kichwa, taratibu, kama vile mama yule anamwona.