Daftari la Usingizi

Mjukuu wangu hakuwa na meza. Hakuwa na chumba, wala kitanda cha peke yake. Alilala na mdogo wake, mtoto anayepiga mateke usingizini kama aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Hakuwa na baba nyumbani, hakuwa na saa ya mkononi, hakuwa na ulimi wa kubembeleza wakubwa. Na katika wiki ninayoisimulia hakuwa hata na mtetezi, maana babu yake, ndiye mimi, nilikuwa upande wa mashtaka.

Shtaka lilikuja kwa barua ya mwalimu mkuu. Binti huyu wa miaka kumi na sita alikuwa amechelewa somo la alfajiri mara tisa, na mara nne alikutwa amelala juu ya kitabu. Somo hilo ni la darasa la sayansi peke yake, na huanza saa kumi na mbili kamili. Mlezi aandike kabla ya Ijumaa kwisha, akiri kwamba mtoto ni mvivu, aahidi kwamba atalala saa tatu usiku. La sivyo, nafasi yake katika darasa hilo angepewa mwingine.

Kuandika ni kazi yangu katika ukoo huu. Mwandiko mzuri niliupata ukubwani, shule ya usiku, baada ya kushinda kiwandani nikipasua mbao. Basi Jumatano jioni nikakaa ukingoni mwa meza ya pekee tuliyo nayo. Upande wa pili binti yangu, mama wa mtoto, alikuwa akipiga pasi sare za watu. Ni dobi, meza ni yake mpaka saa nne usiku. Akishakunja blanketi la pasi, ndipo mwanawe hufungua vitabu.

"Soma ulichoandika, Baba."

Nikasoma: "Nakiri kuwa mjukuu wangu ni mvivu, na ana tabia ya kukesha inayoharibu afya yake..."

"Bundi kapatikana!" mdogo mtu akacheka kutoka kitandani.

"Nyamaza, mpiga mateke," dada yake akamjibu. Kisha akanigeukia. "Babu, hapo kwenye afya, umejuaje?"

"Inajulikana. Kijana akikesha anajimaliza polepole."

"Mimi pia nilitaka kujua. Ndiyo maana nikapima."

Akachomoa daftari chini ya godoro. Nimeona madaftari mengi, yakiwemo yangu ninayojivunia hadi leo, lakini hili lilinifanya nivae miwani. Kwa siku ishirini alikuwa amewaandika wasichana thelathini na mmoja wa darasa lake: saa ya kulala, saa ya kuamka, kichwa kimeuma au hakikuuma, nani kagombana na nani, hesabu ngapi zimekosewa katika zoezi la asubuhi. Mistari aliipiga kwa ukingo wa boksi la viatu, nayo ilinyooka kuliko ya karani.

"Angalia Jumamosi," akasema. "Wengi tumelala saa sita, saa saba, kama kawaida. Lakini hakuna wa kutuamsha, tumeamka saa tatu. Sasa angalia safu ya vichwa."

Safu ilikuwa karibu tupu. Siku za shule ilijaa alama kama ubao ulioliwa na mchwa.

"Kwa hiyo kukesha hakudhuru?" nikauliza, nikidhani nimemnasa.

"Sijasema hivyo. Kukesha, halafu uamshwe saa kumi na moja, ndiko kunakotuumiza. Usingizi unakatwa mkia. Na kulala mapema nimejaribu, siku tano, Mama akanipa meza jioni. Nikawa nageukageuka mpaka saa tano na nusu. Wenzangu wengi hivyo hivyo. Nadhani miili ya umri wetu inachelewa kuitikia usiku."

Nikatafuta kasoro, nikaweka kidole kwenye jina moja. "Huyu analala saa tatu kila siku. Mbona anakosa hesabu kuliko wote?"

"Sijui. Ameniharibia jedwali langu vizuri sana. Lakini siwezi kumfuta, Babu. Na hao watatu chini yake wanakeshea simu tu, hao wajilaumu wenyewe. Nimewaandika pia."

Hapo nilipaswa kuvua kofia. Badala yake kiburi kikanipanda. "Mimi nilisoma usiku miaka sita. Nilikuwa nalala kwa saa nne tu. Nilidhurika nini?"

Pasi ikasimama. Mjukuu akautazama mkono wangu wa kushoto, wenye vidole vinne na nusu.

"Hicho ni msumeno," nikasema. "Mashine mbovu."

"Ilikuwa siku gani?"

"Alhamisi asubuhi."

"Na Jumatano uliingia kitandani saa ngapi?"

Nikauficha mkono chini ya meza. Ile Jumatano tulikuwa na mtihani. Nilifika nyumbani saa saba usiku, na saa kumi na mbili nilikuwa mbele ya msumeno. Miaka arobaini na tatu nimemsimulia kila mtu habari za mashine mbovu.

"Nisamehe, Babu," akasema taratibu. "Lakini msumeno haukutoka mahali pake."

"We mtoto!" mama yake akamaka.

"Mwache. Amepima."

Nikaichana barua. Binti yangu akashika kichwa. "Baba, keshokutwa ndiyo Ijumaa! Andika wanachotaka. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Wakimnyima nafasi, daftari ndilo litamfundisha kemia?"

Alikuwa na hoja. Nikamgeukia mwenye kesi. "Nafasi ni yako. Sema wewe."

Akalainisha ukurasa kwa kiganja.

"Kuchelewa nimechelewa, andika. Kusinzia nimesinzia, andika. Uvivu usiandike. Nikibaki darasani kwa uongo, nitaukalia mwaka mzima."

Mama yake alimtazama kwa muda. Kisha akaiondoa pasi mezani, pamoja na blanketi lake. "Kuanzia leo nitapigia chumbani kwa babu yako, ubao juu ya viti viwili. Utalala na mvuke, Baba."

"Utaninyoosha makunjo," nikasema.

Nikaandika upya. Nilikiri mara tisa na mara nne. Nilieleza habari ya meza, na kwamba imekwisha. Nilieleza habari ya kidole, kwa mara ya kwanza kama ilivyokuwa. Nikaomba somo lianze saa moja kwa mwezi mmoja tu, kisha shule ipime yenyewe. Na kama haiwezekani, mtoto asinyang'anywe nafasi kwa kosa la saa. Yeye akanakili majedwali yake kwenye karatasi safi, yule mlala mapema akiwemo. Akaisoma barua yangu yote, akanisahihisha tarakimu moja.

Alhamisi asubuhi nilivaa koti, nikapaka gundi ulimi wa bahasha, nikaubana kwa kidole gumba mpaka ukashika. Niliipeleka shuleni kwa miguu yangu, nikamkabidhi karani mkononi, na sikuondoka dirishani mpaka alipoiingiza katika daftari la barua na kugonga muhuri.